Kodi ya Mapato na Kodi ya Mauzo: Ipi Iliyo na Insafu?



Katika ziara ya darasa letu huko bara tulikaa siku kadhaa katika miji ya Kitale na Bungoma, tukasomesha na kusomeshwa. Ndugu zetu Waislamu wa huko ni wachache mbele ya wingi wa majirani zao, lakini misikiti yao ina watu na maswali yao yana uzito. Siku moja pale Kitale, baada ya sala ya Alasiri, alisimama kijana mwalimu wa skuli akatuuliza suala ambalo hatukulitarajia katika darasa la fikihi.

Alisema: “Masheikh wangu, yuko bwana mmoja anayetaka kura zetu. Amesema akipata, mshahara wa mtu hautakatwa tena hata senti. Badala yake serikali itachukua kodi yake dukani, kila mtu alipe anaponunua, mkubwa na mdogo sawasawa. Mimi nimefurahi, na mama yangu auzaye mboga amefurahi, kwa kuwa nimemwambia mwanawe ataleta pesa zaidi nyumbani. Je, jambo hili lina insafu katika dini?”

Kabla hatujafungua kinywa, mzee mmoja wa safu ya nyuma alimwambia: “Ngoja kwanza, mwanangu. Mamako umemwambia atakalolipa yeye?”

Siku ile tulijibu kwa ufupi, kwani Magharibi ilikuwa imekaribia. Tuliporudi pwani tukaona suala lenyewe ni letu sote. Uchaguzi mkuu wa mwaka 2027 umo vinywani mwa watu, na maneno ya kodi hayatakosa majukwaani. Twaona basi tulieleze kwa urefu kidogo.

Kodi ya mapato humwuliza mtu: umepata nini? Kodi ya mauzo humwuliza: umenunua nini? Maswali haya mawili yaonekana kukaribiana, na kwa mtu wa kati ambaye hutumia karibu yote apatayo, tofauti yake si kubwa. Tofauti huonekana katika ncha mbili, kwa fakiri na kwa tajiri.

Na tukadirie nyumba moja ya Bungoma iingizayo shilingi 12,000 kwa mwezi. Zote hutumika, hapana akiba. Tuseme shilingi 5,000 kati ya hizo zimetumika kwa vitu vyenye kodi ya ongezeko la thamani ya 16 kwa mia: sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, nguo ya mtoto. Ndani ya zile 5,000 mna kodi ya shilingi 690 hivi, yaani karibu 6 kwa mia ya chumo lote la nyumba ile. Kisha tukadirie bwana wa shamba kubwa la Trans Nzoia apataye 600,000 kwa mwezi, na vitu vyake vyenye kodi ni vya 120,000. Kodi yake ni kama 16,500, na hiyo haifiki 3 kwa mia ya chumo lake. Kwa idadi amelipa nyingi. Kwa uzito, yule mwenye 12,000 amebeba mara mbili. Zile nyingine za bwana mkubwa zimekwenda benki, au zimenunua ardhi, na ununuzi wa ardhi hautozwi kodi hii.

Hapa ndipo mtu wa dini anapotakiwa asimame afikiri. Sisi Waislamu tuna kipimo ambacho tumekisoma tangu chuoni, nacho ni nisabu. Mwenyezi Mungu alipofaridhisha zaka hakuifanya haki juu ya kila mwenye mkono wa kutoa. Mwenye fedha hatoi mpaka afikishe dirhamu mia mbili, na mwenye dhahabu mpaka afikishe mithkali ishirini, na hata hapo sharti mwaka upite juu yake. Mwenye nafaka hatoi mpaka afikishe wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama zetu wamezikadiria kuwa kilo 650 hivi. Kwa lugha ya Kitale hayo ni magunia saba na ziada ya yale ya kilo tisini. Anayevuna magunia matano ya kulisha watoto wake hadaiwi chochote. Akifikisha nisabu, shamba lililonyweshwa na mvua hutoa fungu la kumi, na lililonyweshwa kwa taabu na gharama hutoa nusu ya kumi. Angalia jinsi sheria ilivyomtazama mtu: ana kiasi gani, kimekaa muda gani, na amekipata kwa taabu gani.

Hatusemi kwamba zaka na kodi ni kitu kimoja. Zaka ni ibada. Wapewao wametajwa katika Qurani, wala waziri hana ruhusa ya kuigeuza. Lakini mwenye kutaka kujua namna ya kuchukua mali ya watu pasi na dhuluma, atapata mfano gani ulio bora kuliko ule aliouweka Muumba wa watu? Na mfano huo wasema wazi kwamba chakula cha mtu na mahitaji yake ya lazima huachwa kwanza, kisha ndipo haki itafutwe katika kile kilichozidi.

Kijana mmoja wa darasa letu alituhoji njiani juu ya zaka ya fitri: je, hiyo haitolewi kwa kila kichwa, tajiri na maskini? Naam, kwa kila kichwa. Lakini asiyekuwa na ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi haimlazimu. Hata pishi moja ya nafaka imewekewa mpaka wake.

Kodi ya mauzo haina mpaka huo, kwa kuwa haimjui mnunuzi. Mama aliyeingia dukani na shilingi hamsini aliyoikopa, na tajiri aliyeteremka katika gari, kwa kodi hii ni mtu mmoja. Duka haliwezi kumwuliza mtu hali yake. Na jambo lisilojua hali ya mtu haliwezi kumwonea huruma, hata kama waliolitunga ni watu wa huruma.

Sasa tutazame historia, kwani jambo hili si geni, na miji hii miwili tuliyoizuru ina fungu lake ndani yake.

Serikali ya Kiingereza ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, baadaye ikaongeza kodi ya kichwa. Watu wa upande wa Bungoma, nchi iliyoitwa wakati huo Kavirondo ya Kaskazini, walilipa kwa kila nyumba. Mwenye wake wawili na nyumba mbili akalipa mara mbili, awe na ng'ombe au asiwe naye. Wengi walizipata fedha za kodi kwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, na mashamba ya Kitale na Trans Nzoia yalikuwa karibu. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza kodi ile ilifika shilingi 16 kabla ya kuteremshwa hadi 12. Hiyo nayo ni kodi isiyotazama hali ya mtu, hesabu yake ni mapaa na vichwa tu.

Mwaka 1920 walowezi wa Kizungu walipewa kura za kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Wakati uo huo serikali ilikuwa na haja ya fedha, ikawawekea kodi ya mapato. Wakaipinga kwa nguvu zao zote, na nguvu walikuwa nazo. Kamati iliyoongozwa na Bwana Bowring ikakaa mwaka 1922. Kodi ya mapato ikafutwa, na pengo lake likazibwa kwa ushuru wa forodha juu ya bidhaa zinazoingia. Sisi wa Mombasa twapaswa kulikumbuka hilo, kwani ushuru ule ulitozwa mlangoni petu bandarini, na ngano na unga wake vikiwamo miongoni mwa vitu vilivyopandishiwa ili mkulima wa Kizungu apate bei nzuri. Kodi ya mapato haikurudi Kenya mpaka mwaka 1937.

Tafadhali, msomaji, lisome jambo hilo mara ya pili. Walioondolewa kodi walikuwa na kura. Walioongezewa bei ya nguo na unga walikuwemo mamilioni ya Waafrika ambao hawakuwa na kura hata moja. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika nchi hii kodi ya mapato kubadilishwa kwa kodi ya vitu vinunuliwavyo, na ilidaiwa na watu waliochaguliwa, kwa manufaa ya waliowachagua.

Mtu atasema: zama hizo zimepita, leo sote tuna kura, na mama wa Kitale anayo kama bwana wa shamba. Ni kweli. Basi na tutazame zama hizi.

Ukitoka Bungoma ukafuata barabara ya magharibi utafika mpaka wa Uganda, Malaba au Lwakhakha. Ng'ambo ya pili, kwa miaka mingi, wanaume walitozwa kodi ya madaraja, kila mmoja kwa kadiri alivyokadiriwa. Ilikuwa kodi ya kuchukiza. Watoza kodi walifunga njia wakadai stakabadhi, na asiyekuwa nayo alishikwa. Watu walilala vichakani msimu wa kodi. Katika uchaguzi wa mwaka 2001 kodi hii ilikuwa hoja kubwa, na kiwango chake cha chini kikapunguzwa. Katika bajeti ya mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, ikaondolewa kabisa. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Bajeti iyo hiyo ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka 17 hadi 18 kwa mia. Kwa hiyo waliolala vichakani waliamka wakaenda dukani. Hatusemi kwamba walipata hasara katika jumla. Kufungwa kwa ajili ya kodi ni dhuluma, na kuiondoa ni kheri. Twasema kuwa lililoondolewa lilitangazwa kwa ngoma, na lililoongezwa lilikaa ndani ya bei ya sukari.

Kwetu Kenya nako njia ni iyo hiyo. Kodi ya madaraja iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1973 ikaanzishwa kodi ya mauzo. Mwaka 1990 kodi ya mauzo ikageuzwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani, tuliyo nayo. Mwaka 2018 mafuta ya magari yakaingizwa ndani yake kwa 8 kwa mia, na mwaka 2023 ikawa 16. Mafuta yakipanda, gunia la Kitale hupanda kabla halijafika Kongowea, ingawa mahindi yenyewe hayatozwi kodi.

Na tusisahau mafuta ya taa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliyawekea tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, hoja ikiwa kwamba wadanganyifu huyanunua kwa urahisi wake wakayachanganya na dizeli. Basi mwizi akachanganya, na bibi kizee wa kijijini, ambaye hajamiliki injini maishani mwake, akalipishwa kwa taa yake. Hatujapata kusoma katika kitabu chochote cha fikihi kwamba mtu huadhibiwa kwa kosa la asiyemjua.

Mwaka 2024 ukaja mkate. Muswada wa Fedha ulitaka kuutoza 16 kwa mia, na mafuta ya kula yawekewe ushuru wa 25 kwa mia. Kwa kelele za wananchi pendekezo la mkate liliondolewa katikati ya Juni. Tarehe 25 Juni vijana waliuawa barabarani na Bunge likavamiwa, na kesho yake Rais akakataa kuutia muswada saini. Wako waliotuambia kwamba kodi ya mauzo haina ubaya kwa kuwa vyakula vya lazima vimeachiliwa. Jibu letu ni kwamba orodha ya vilivyoachiliwa hufunguliwa kila mwaka bajeti inapokaribia, na aliye maskini hajui mwakani kitaingizwa nini. Nisabu ya magunia saba haijabadilika tangu zama za Mtume (S.A.W.).

Inatupasa sasa tuwe waadilifu kwa upande wa pili, kwani mwalimu yule hakufurahi bure.

Mshahara wa mwalimu hukatwa kabla haujafika mkononi mwake. Jirani yake mwenye malori matatu hujieleza mwenyewe mapato yake, na wengi hujieleza kwa haya kubwa sana. Mkulima mkubwa ana mhasibu, na mhasibu ana njia. Kwa hivyo kodi ya mapato, ambayo kwa jina ni kodi ya wenye nacho, kwa vitendo imekuwa ni kodi ya waajiriwa. Mwenye duka mmoja wa Bungoma alituambia kwa ukali: “Mwizi haandikishi mapato yake, lakini sukari atanunua. Dukani kwangu kila mtu atalipa, hata mla rushwa.” Hoja hii ina nguvu, na hatukuwa na haraka ya kuijibu. Lakini mla rushwa hununua kilo ngapi za sukari? Tumbo lake ni moja kama letu. Mali aliyoila huenda katika ardhi na nyumba za kupangisha, na katika nchi za mbali, na huko kodi ya dukani haimfuati. Ukimwacha kwa mapato yake na ukamshika kwa sukari yake, umemsamehe.

Wala hatusemi kwamba kila kinachokatwa katika mshahara kina insafu kwa kuwa kimekatwa huko. Kwa viwango vya mwaka 2023, aliyepata shilingi 24,000 kwa mwezi hakudaiwa kodi ya mapato, kwa sababu nafuu aliyopewa ya 2,400 ililingana na kodi yake. Hii ni nisabu kwa jina jingine, na aliyeiweka, awe nani, ameifuata hekima. Lakini makato ya nyumba ya moja na nusu kwa mia na ya afya ya 2.75 kwa mia, yaliyoletwa mwaka 2023 na 2024, humshika mtu wa mshahara tangu shilingi yake ya kwanza. Mwenye 9,000 naye hukatwa. Basi kipimo chetu kisiwe jina la kodi. Tuulize kama imemwachia mtu chakula chake kwanza.

Na wenye maduka wenzetu tusiwasahau. Ile kodi ndogo ya biashara ndogo, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kutoka 1 hadi 3 kwa mia, huhesabiwa juu ya mauzo, haihesabiwi juu ya faida. Aliyeuza kwa milioni mbili na akapata hasara hudaiwa 60,000 sawa na aliyeuza kwa milioni mbili na akafaidi. Hiyo ndiyo tabia ya kodi ya mauzo ikimgeukia muuzaji: haitazami kilichobaki.

Huko Marekani wako waliotaka jambo hili kwa ukamilifu wake. Mwaka 1999 mbunge wa jimbo la Georgia, John Linder, alipeleka muswada wa kufuta kodi ya mapato na kuweka kodi moja ya mauzo nchi nzima, na katika kampeni za kuelekea uchaguzi wa 2008 Bwana Mike Huckabee aliufanya kuwa bendera yake. Haukupita. Lakini una mafunzo mawili kwetu. Kwanza, kiwango kilitajwa kuwa 23 kwa mia, na hesabu ile ilipigwa kwa kuitia kodi ndani ya bei. Kitu cha dola 100 kingeuzwa 130. Pili, watungaji wenyewe waliona kuwa fakiri angeumia, wakaandika kwamba kila nyumba irudishiwe fedha kila mwezi, kadiri ya kodi ya mahitaji ya lazima. Yaani nisabu waliyoitoa mlangoni iliwabidi kuirudisha dirishani. Bwana aliyehutubia Kitale hakusema lolote juu ya kurudishiwa mtu fedha zake. Na lau angesema, tungemwuliza ni daftari gani litakalomwandika kila mama wa Chwele na Webuye, na ni nani atakayeaminiwa kuzigawa fedha hizo.

Wanazuoni wetu wa zamani waliyazungumza haya kabla ya Marekani kuwako. Tozo za masokoni, walizoziita mukusi, zimepokewa makemeo makali, na wengi wao walizihesabu katika madhambi makubwa. Ibn Khaldun ameeleza kuwa dola inapokuwa changa hutosheka na kidogo kilichowekwa na sheria, na inapozeeka na anasa za wakubwa zikazidi, hugeukia masoko na kuweka tozo juu ya vinavyouzwa. Hata hivyo hawakusema kwamba mtawala hana haki ya kuchukua chochote zaidi ya zaka. Al-Ghazali na wengine wameruhusu, pindi Baytulmali inapokuwa tupu na haja ikawa ya kweli, wenye nacho wawekewe fungu. Wenye nacho, ndilo neno lenyewe.

Na kisa cha Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wetu wa Kishafii, hakichoshi kusimuliwa. Wamongoli walipokuwa wakija, karibu na vita vya Ayn Jalut vya mwaka 1260, mtawala wa Misri, Qutuz, alitaka fatwa ya kuchukua mali za raia kwa ajili ya vita. Haja ilikuwa ya kweli kabisa; Baghdadi ilikuwa imekwisha kuanguka. Sheikh akatoa ruhusa, lakini kwa sharti: kwanza Baytulmali isiwe na kitu, na maamiri wauze mapambo yao ya dhahabu na vyombo vyao vya thamani, wabaki na farasi na silaha kama askari wengine. Wakiisha kulingana na raia, ndipo raia aombwe. Tulipokisimulia kisa hiki Kitale watu walicheka, kwa kuwa siku ile ile ulikuwa umepita mjini msafara wa magari ya mmoja wa waheshimiwa, na waliokuwa barazani walikuwa wameyahesabu.

Tunalorudi kwalo ni ile ahadi ya jukwaani. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata majimaji. Akamwuliza mwenyewe, naye akasema limenyeshewa na mvua. Akamwambia kwa nini asiliweke lililolowa juu ili watu walione, kisha akamtoa mdanganyifu katika umma wake. Kitale ni mji wa mahindi na kila mtoto wa huko anaijua hila hii: makavu juu ya gunia, mabichi chini. Ghala la serikali hupima unyevu, na ukizidi 13.5 kwa mia mahindi hukataliwa. Mama anunuaye kwa gorogoro, kopo lao la kupimia kama kibaba chetu, hana kipimo cha unyevu. Hutegemea uaminifu wa muuzaji.

Mwenye kuomba kura kwa kusema “nitawaondolea kodi ya mshahara”, naye anajua kuwa fedha zile zile atazitafuta katika sabuni na mafuta, na akanyamaza juu ya la pili, amefanya alilofanya mwenye lundo. Huenda mpango wake una faida. Mahindi yaliyolowa nayo yana faida, yakianikwa. Kosa ni kuficha. Lau angesimama akasema: “Mwalimu, wewe utapata nafuu kiasi hiki, mama muuza mboga, wewe utaongezewa kiasi hiki, bwana wa shamba, wewe utapata nafuu mara kumi ya mwalimu,” tungesema ni mtu mwaminifu, kisha watu wachague. Hatujapata kumsikia mtu akisema hivyo jukwaani, Kitale wala Mombasa wala kwengineko.

Tuliwashauri ndugu zetu wa huko, na twawashauri wasomaji wetu wa pwani, wamwulize kila mgombea maneno matatu, na wamwulize mbele za watu. Fedha unazoziacha huku utazichukua wapi? Asiyekuwa na ziada ya chakula cha siku umemwekea mpaka gani usiovukwa? Na wewe na wenzako mtauza nini kwanza? Asiyeyajibu asihesabiwe kuwa amejibu kwa sababu amecheza ngoma vizuri.

Liko jambo moja lililotutia haya, na kulificha itakuwa ni kufanya lile tulilolikemea. Katika mazungumzo ya Bungoma, wenye maduka watatu, na mmoja wao ana asili ya huku kwetu, waliisifu kodi ya mauzo kwa moyo wote. Tulipowauliza kwa nini, mmoja alisema kwa ukweli wake: “Sheikh, hiyo hailipi mimi, hulipa mteja. Na nyingine hubaki.” Hubaki vipi? Akatueleza kwamba bei huweka na kodi ndani, risiti hutoa kwa atakaye, na kwa asiyetaka, ile 16 haifiki serikalini.

Tulimwambia, na twawaambia walio mfano wake Mombasa, Malindi na Lamu: fedha ile si yako. Ukiwa waamini kwamba kodi ni dhuluma, basi usimtoze mteja, umwuzie kwa bei pungufu. Ukiisha kumtoza kwa jina la kodi, imekuwa amana mkononi mwako. Ama uifikishe ilikotakiwa, ama umrudishie aliyekupa. Kuichukua kwa fakiri kwa jina la serikali na kuiweka kwa jina lako ni dhuluma mbili katika shilingi moja. Alinyamaza kidogo, akauliza atawapata wapi wateja wa miaka yote hiyo ili awarudishie. Tulimjibu kama wanazuoni walivyosema juu ya mali ambayo mwenyewe hajulikani: aitoe kwa mafakiri na maslahi ya umma kwa niaba ya wenyewe, asitarajie thawabu ya sadaka kwa ajili yake, na aanze kutoa risiti kesho asubuhi.

Suala jingine tuliloulizwa na wakulima wa Kitale, la zaka ya mahindi yanayouzwa yakiwa bado shambani, ni nani anayedaiwa, muuzaji au mnunuzi, halikupata nafasi katika toleo hili. Tutalijibu katika toleo lijalo, inshaallah.